Njia za Maji Zisomwavyo Kutoka Angani

Mwezi Juni mwaka 2016, ufukoni mwa kisiwa cha Pemba, liliokotwa pande kubwa la bawa la ndege. Halikuwa la ndege iliyoanguka katika maji ya Tanzania, wala ya Kenya, wala ya Komoro. Lilipelekwa Australia, wakaguzi wakasoma namba zake na tarehe iliyopigwa mhuri kiwandani, na mwezi Septemba mwaka huo huo serikali ya Malaysia ikatangaza kwamba pande hilo lilitoka katika ndege ya abiria ya safari namba MH370. Ndege hiyo, aina ya Boeing 777, ilipotea tarehe 8 Machi 2014 ikiwa na watu 239, ilipokuwa ikitoka Kuala Lumpur kwenda Beijing.

Pemba haiko kwenye njia ya Kuala Lumpur na Beijing. Mahali ambapo wataalamu waliamini kuwa ndege hiyo ilitumbukia ni mbali sana magharibi ya Australia, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Pemba. Pande hilo la bawa lilivuka bahari hiyo yote bila tanga, bila injini na bila nahodha. Lililetwa na maji ya juu ya bahari, yakisaidiwa na upepo.

Wala Pemba haikuwa ya kwanza kupokea mabaki hayo. Tarehe 29 Julai 2015, siku 508 baada ya ndege kupotea, wafanyakazi wa kusafisha ufuko katika mji wa Saint-André, kisiwani Réunion, walikuta kipande cha ukingo wa nyuma wa bawa, kile ambacho rubani hukiinua na kukishusha. Askari wa Ufaransa walikichukua, kikapelekwa katika maabara ya kijeshi karibu na mji wa Toulouse, na tarehe 3 Septemba mwendesha mashtaka wa Paris akathibitisha asili yake. Baadaye vipande vingine vikaokotwa Msumbiji, Afrika Kusini, Madagaska na Mauritius, pamoja na kisiwa chake cha Rodrigues. Baadhi vilithibitishwa kabisa, na vingine vilisemwa kuwa karibu na hakika. Hivyo msiba ulioanzia Asia ukageuka kuwa kazi ya askari wa doria, polisi wa pwani na wavuvi wa nchi jirani za magharibi ya Bahari ya Hindi.

Je, mtu aliyeshika kipande kilichookotwa Pemba au Réunion anaweza kurudi nyuma, siku kwa siku, mpaka afike mahali kilipoanzia safari? Ili ajibu swali hilo, lazima ajue maji ya bahari nzima yalikuwa yakielekea wapi kila siku kwa muda unaozidi mwaka mmoja. Hakuna jeshi la maji duniani lenye meli za kutosha kwa ulinzi wa namna hiyo. Kazi hiyo hufanywa kwa picha na vipimo vya setilaiti, na ndiyo maana elimu hii, ambayo zamani ilikuwa ya vyuo vikuu tu, leo inawahusu watu wenye sare.

Lakini hapana budi kusema jambo moja mapema, kwani wengi hukosea hapo. Setilaiti haiuoni mkondo wenyewe. Maji yanayokwenda na maji yaliyotulia, yakitazamwa kutoka juu, yana sura moja. Kinachoonekana ni alama tu: joto, rangi, kimo cha maji, na ukwaruzo wa uso wa bahari. Mpelelezi naye aghalabu hamwoni mwizi. Huona nyayo, tope dirishani na kufuli lililovunjwa, kisha husema mwizi alipita wapi. Msomaji wa picha za bahari yuko katika hali hiyo hiyo, na anaweza kukosea kama mpelelezi anavyoweza kukosea.

Kabla ya setilaiti, mikondo ilijulikana kwa njia ya taabu. Manahodha wa majahazi walijua kwamba upepo wa kusi huwasukuma kwenda Lamu, Mogadishu na Arabuni, na kwamba kaskazi huwarudisha. Elimu yao ilikaa kichwani na ikarithishwa kwa mdomo. Meli za Wazungu ziliandika. Ofisa wa meli alipiga hesabu ya mahali ambapo chombo chake kingepaswa kuwa, kwa kufuata dira na mwendo, kisha usiku akapima nyota kujua mahali kilipo hasa. Tofauti kati ya sehemu hizo mbili ilihesabiwa kuwa kazi ya mkondo. Matthew Maury, ofisa wa Jeshi la Maji la Marekani, alikusanya vitabu vya safari vya meli nyingi, na kuanzia mwaka 1847 akatoa ramani za pepo na mikondo. Kazi hiyo ilikuwa nzuri, lakini ilikuwa na udhaifu mkubwa. Meli hupita katika njia za biashara tu, na ramani iliyojumlisha miaka mingi humwambia nahodha habari za bahari ya wastani, ilhali yeye anasafiri katika bahari ya leo.

Alama ya kwanza iliyosomwa vizuri kutoka angani ni joto. Tangu mwaka 1978, setilaiti za Marekani za hali ya hewa zimekuwa zikibeba chombo cha kupima miale ya joto isiyoonekana kwa macho, chenye uwezo wa kutofautisha eneo la upana wa kilomita moja hivi. Maji ya mkondo aghalabu yana joto tofauti na maji ya jirani, na kwa hiyo picha huonyesha ukingo, ulimi au duara. Picha ya leo ikilinganishwa na ya jana, alama ile ile huonekana imehama. Ikiwa imehama kilomita 43 kwa muda wa saa 24, basi maji yamekwenda nusu mita kwa kila sekunde, yaani karibu maili moja ya baharini kwa saa.

Pwani ya Somalia ilikuwa mojawapo ya mahali pa kwanza ambapo picha hizo zilifundisha jambo kubwa. Mkondo wa Somalia ni wa ajabu duniani, kwani hugeuka kabisa kufuata majira. Kaskazi inapovuma, takriban kuanzia Desemba hadi Machi, maji hushuka kusini. Kusi inapoanza, hugeuka na kupanda kaskazini, na kufikia Juni au Julai huweza kukimbia zaidi ya mita 3 kwa sekunde, kasi ambayo mashua nyingi za uvuvi haziwezi kushindana nayo. Maji hayo yanapoiacha pwani, maji baridi ya kilindini hupanda kujaza nafasi, na karibu na Ras Hafun joto huweza kushuka chini ya nyuzi 20 za sentigredi, ilhali nje kidogo bahari ina nyuzi 27. Katika picha za kusi ya mwaka 1979, watafiti waliona ndimi mbili za maji baridi zikitoka pwani kama kabari, na ile ya kusini ikisogea kaskazini wiki baada ya wiki mpaka ikaungana na mwenzake. Kati ya ndimi hizo maji yalikuwa yakizunguka kama gurudumu lenye upana wa mamia ya kilomita. Gurudumu hilo, ambalo mabaharia wa Kiingereza walikuwa wamelitaja tangu mwaka 1866, lilikuwa sasa linaonekana zima katika picha moja.

Hata hivyo joto lina kasoro zake. Wingu likitanda, miale ya joto haipiti, na picha huwa ni ya wingu tu. Tena katika maji ya joto ya karibu na Ikweta, bahari nzima inaweza kuwa na joto moja, na hapo mkondo hupita bila kuacha unyayo. Rangi ya maji, ambayo hutokana na mimea midogo mno ieleayo, husaidia kidogo, lakini nayo huzuiwa na mawingu.

Alama yenye nguvu zaidi ni kimo cha maji. Watu husema bahari ni tambarare, lakini sivyo. Tarehe 10 Agosti 1992, Marekani na Ufaransa zilirusha setilaiti iliyoitwa TOPEX/Poseidon, ambayo ilizunguka kwenye kimo cha kilomita 1,336. Chombo hicho kilipiga mshindo wa rada kwenda chini, kikapima muda uliochukua kurudi, muda ambao haufiki sehemu moja ya mia ya sekunde, na kutokana nao kikajua kimo cha bahari kwa kosa la sentimita chache tu. Kila baada ya siku 10 kilirudia njia zake zote. Setilaiti za ukoo wa Jason zilifuata mwaka 2001, 2008 na 2016, na Sentinel-6 ikarushwa mwaka 2020, hivi kwamba mlolongo wa vipimo haukukatika.

Kimo hicho hugeuzwaje kuwa mkondo? Kwanza, huondolewa vilima na mabonde ambayo hayahusiani na mkondo. Uvutano wa dunia haulingani kila mahali, na kwa sababu hiyo kusini ya Sri Lanka bahari ina bonde la kina cha mita 100 hivi, ambalo limekaa hapo siku zote, na meli hupita juu yake bila kujua. Setilaiti za kupima uvutano, kama GRACE ya mwaka 2002 na GOCE ya mwaka 2009, zilisaidia kulitenganisha bonde la namna hiyo na miinuko midogo ya mikondo. Kinachobaki ni vilima vya sentimita kadhaa, au makumi ya sentimita.

Mtu angedhani kwamba maji yaliyoinuka yatateremka moja kwa moja kama mto. Yangefanya hivyo kama dunia isingezunguka. Kwa kuwa inazunguka, kila kinachokwenda masafa marefu kusini ya Ikweta husukumwa kuelekea kushoto kwake, na kaskazini ya Ikweta kuelekea kulia. Wapiga mizinga ya masafa marefu wanaijua hesabu hiyo. Kwa hiyo maji hukizunguka kilima badala ya kukiteremka. Anayesafiri pamoja na mkondo kusini ya Ikweta huwa na maji yaliyoinuka upande wake wa kushoto. Mwinuko ukiwa mkali, mkondo nao huwa mkali. Kwenye nyuzi 10 kusini, karibu na mpaka wa Tanzania na Msumbiji, tofauti ya kimo ya sentimita 10 katika umbali wa kilomita 100 humaanisha mkondo wa sentimita 40 hivi kwa sekunde. Baharia aliye juu ya mteremko huo hauoni kabisa, lakini kwa siku moja utamhamisha karibu kilomita 35. Kwenye Ikweta yenyewe msukumo huo wa kushoto na kulia hutoweka, na hesabu hii haifai. Jambo hilo lina uzito kwa Somalia, ambayo Ikweta inapita baharini mwake, na kwa Kenya iliyo jirani.

Faida ya vipimo hivyo ilionekana waziwazi katika Mlango wa Msumbiji. Ramani za zamani zilichora hapo mkondo mmoja ukishuka moja kwa moja kando ya pwani ya Afrika, kutoka Rasi ya Delgado hadi Afrika Kusini. Afisa wa jeshi la maji aliyeiamini ramani hiyo angetafuta chombo kilichopotea upande wa kusini wa mahali kilipoonekana mara ya mwisho. Vipimo vya setilaiti, pamoja na vyombo vilivyofungwa nanga katika mlango huo, vilionyesha kwamba mkondo usiokatika hakuna. Kilichopo ni magurudumu makubwa ya maji, yenye upana wa kilomita 300 na zaidi, yanayofuatana kuelekea kusini, machache tu kwa mwaka. Chombo kilicho upande mmoja wa gurudumu huchukuliwa kusini, na kilicho upande wa pili huchukuliwa kaskazini, siku hiyo hiyo na katika mlango huo huo. Ramani ya wastani ilikuwa imeyachanganya magurudumu yote ikapata mstari mmoja, kama mtu anayejumlisha nyendo za watu wote sokoni akasema kwamba soko zima linakwenda kusini.

Rada ina kazi nyingine ambayo haihitaji hesabu ndefu. Rada ya picha huonyesha ukwaruzo wa uso wa bahari, mchana na usiku, wingu likiwapo au lisiwepo. Setilaiti ya kwanza ya namna hiyo kwa bahari ilikuwa Seasat ya Marekani, iliyorushwa mwezi Juni 1978, ikafa mwezi Oktoba mwaka huo kwa hitilafu ya umeme. Wako waliosema kwamba ilizimwa makusudi kwa kuwa ilikuwa ikiona njia za nyambizi. Maneno hayo yamerudiwa sana katika mabwalo ya maofisa wa nchi nyingi, lakini ushahidi haukuletwa. Miaka sita baadaye, Paul Scully-Power, mtaalamu wa bahari aliyefanya kazi na Jeshi la Maji la Marekani, alisafiri katika chombo cha Challenger mwezi Oktoba 1984, na kwa macho yake, jua likimeremeta juu ya maji, aliona mizunguko midogo ya maji ikiwa imeenea mahali pengi ambapo vitabu havikuitaja.

Mafuta yakimwagika, hulainisha vijiwimbi, na katika picha ya rada huonekana kama doa jeusi. Meli ya Wakashio ilipopanda mwamba wa Pointe d'Esny, Mauritius, tarehe 25 Julai 2020, na kuanza kuvuja tarehe 6 Agosti, tani kama 1,000 za mafuta ziliingia baharini. Setilaiti zilionyesha mafuta hayo yakisukumwa kando ya pwani kuelekea Mahébourg, huku wananchi wakishona vizuizi vya majani ya miwa ili kuyazuia. Picha ziliwaonyesha mafuta yalikokuwa yakielekea, na vizuizi vikawekwa na mikono ya watu.

Sasa na turudi kwenye ndege iliyopotea, maana hapo elimu hii yote ilijaribiwa kwa pamoja. Alama za redio zilizopokelewa na setilaiti ya mawasiliano, takriban kila baada ya saa moja, ziliwapa wapelelezi mstari mrefu wa upinde kusini ya Bahari ya Hindi. Ndege ilikuwa imeanguka mahali fulani karibu na mstari huo, lakini wapi? Upekuzi wa chini ya bahari ulimaliza eneo la kilomita za mraba 120,000, ukasimamishwa mwezi Januari 2017 bila kuiona ndege.

Shirika la utafiti la serikali ya Australia, CSIRO, chini ya David Griffin, lilikuwa limechukua njia ya kurudi nyuma. Walichukua ramani za mikondo zilizotokana na kimo cha bahari, wakazipima kwa maboya. Duniani kote yako maboya kama 1,300 yanayoelea huru, kila moja likiwa na kifuko kirefu cha kitambaa kilichoning'inizwa mita 15 chini ili lichukuliwe na maji wala lisichukuliwe na upepo, na kila moja hutoa habari ya mahali lilipo kupitia setilaiti. Boya ni shahidi wa kweli, kwa kuwa liliguswa na maji yenyewe. Pale ramani iliposema jambo moja na boya likasema jingine, ramani ndiyo iliyosahihishwa.

Lakini bawa la ndege si boya. Sehemu yake moja huwa juu ya maji, na upepo huishika kama tanga. Mwanzoni wataalamu walitengeneza mifano ya kile kipande cha Réunion, wakaiacha ielee na kuipima. Kisha walipata kipande cha kweli cha Boeing 777, wakakikata kifanane na kile kilichookotwa, wakakitia baharini karibu na Tasmania. Kumbe kipande cha kweli kilikwenda kwa kasi kuliko mifano, na hakikufuata upepo sawasawa. Kilipinda kushoto kwa nyuzi kama 20. Tofauti hiyo yaweza kuonekana ndogo, lakini katika safari ya siku 508 na umbali wa karibu kilomita 4,000, ndiyo iliyolinganisha tarehe ya kufika Réunion na mahali pa kuanzia. Mwezi Aprili 2017 walitangaza kwamba sehemu inayoelekea zaidi ni karibu na nyuzi 35 kusini, nje kidogo ya eneo lililopekuliwa. Walitumia pia ushahidi wa kutokuwapo kwa kitu: kama ndege ingeanguka mbali zaidi kusini, fukwe za Australia zingepokea mabaki mengi, na hazikupokea.

Njia ya kipande cha Pemba nayo inaeleweka. Mkondo wa Ikweta wa Kusini huvuka bahari kutoka mashariki kwenda magharibi, hupita kwenye ncha ya kaskazini ya Madagaska, na hufika pwani ya Afrika karibu na Rasi ya Delgado. Hapo hugawanyika. Maji ya kusini huingia katika magurudumu ya Mlango wa Msumbiji, na maji ya kaskazini hufuata pwani ya Tanzania na Kenya. Kipande kilichoelekea kaskazini kilipita Mtwara, Kilwa na Mafia kabla ya Pemba kukizuia.

Mwezi Agosti 2017 ulitolewa ushahidi mwingine. Katika picha za setilaiti ya Ufaransa zilizopigwa tarehe 23 Machi 2014, wiki mbili baada ya ajali, wachunguzi walihesabu vitu 12 vilivyoelekea kuwa vimetengenezwa na binadamu. Picha hazikuonyesha kama ni vya ndege. Wataalamu wa mikondo wakavirudisha nyuma kwa siku hizo 15, wakafika karibu na nyuzi 35.6 kusini. Mwaka 2018 kampuni ya Ocean Infinity ilipekua zaidi ya kilomita za mraba 112,000, na eneo hilo likiwamo, isiione ndege. Mwaka 2025 Malaysia ilikubaliana na kampuni hiyo ipekue kilomita za mraba 15,000 nyingine kwa sharti kwamba isipopata hailipwi. Mkondo uliosomwa kutoka angani ulipunguza bahari kuwa wilaya. Haukuweza kuipunguza kuwa nyumba.

Kwa askari wa majini wa nchi za pwani ya Afrika Mashariki, hesabu iliyo karibu zaidi ni ya saa, wala si ya miaka. Chombo kikizama na watu wakabaki wakielea, na kama mwokoaji hajui mkondo kwa kosa la nusu maili ya baharini kwa saa tu, baada ya saa 24 eneo la kutafuta huwa duara lenye nusu kipenyo cha maili 12 za baharini, yaani zaidi ya kilomita za mraba 1,500. Baada ya siku mbili eneo haliwi mara mbili bali mara nne, zaidi ya 6,000. Boti mbili za doria haziwezi kulimaliza.

Na hapa pana ukweli usiopendeza. Setilaiti ni hodari katika bahari kuu, na ni dhaifu karibu na nchi kavu, mahali ambapo watu wengi zaidi hufa maji. Rada ya kupima kimo inapokaribia pwani huchanganyikiwa na mwangwi wa nchi kavu, na njia zake zimeachana kwa makumi na hata mamia ya kilomita. Mlango wa Pemba na Mlango wa Unguja ni myembamba mno kwake. Tena humo maji kujaa na kupwa hugeuza mwelekeo mara nne kwa siku, ilhali setilaiti ya siku 10 hupita ikaenda zake. Meli ya MV Spice Islander I ilipozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, karibu na Nungwi, ikielekea Pemba, ilikuwa bado majira ya kusi, na mkondo wa pwani ulikuwa ukikimbilia kaskazini, mkondo ambao katika majira hayo huweza kufika maili 3 hadi 4 za baharini kwa saa. Watu zaidi ya 600 waliokolewa, wengi wao wakiwa wameshikilia magodoro na vitu vingine vilivyoelea, na waliokuwa wa kwanza kuwafikia walikuwa wavuvi. Wapiga mbizi walioletwa kutoka Afrika Kusini walizuiwa na mkondo mkali na kina cha maji. Usiku ule hapakuwa na picha yoyote ya angani iliyoweza kumwambia mkuu wa boti aelekeze pua ya chombo wapi. Mvuvi wa Nungwi aliweza.

Setilaiti ya SWOT, iliyorushwa na Marekani na Ufaransa tarehe 16 Desemba 2022, ilibuniwa kupunguza upofu huo. Badala ya kupima mstari mmoja chini yake, hupima ukanda wenye upana wa kilomita 120, na huona magurudumu madogo na maji ya karibu zaidi na pwani. Lakini nayo hurudi mahali pale pale baada ya siku 21.

Jambo la mwisho linahusu vituo vya polisi vya pwani, nalo ni dogo kuliko setilaiti zote. Katika hesabu za ndege ya Malaysia, kipande cha Réunion kilikuwa na thamani ya pekee kwa sababu tarehe yake ilijulikana vizuri: ufuko ule ulikuwa ukisafishwa na watu, na kipande kilikuwa bado kimejaa viumbe vya baharini vyenye magamba vinavyojishika kwenye vitu vieleavyo. Vipande vingi vya Msumbiji, Madagaska na Pemba vilikuwa na tarehe ya kuokotwa tu, bila tarehe ya kufika. Kipande kilichotupwa pwani mwezi Januari na kuokotwa Juni humdanganya mhesabu kwa miezi mitano ya mkondo, na majira yakiwa yamegeuka katikati yake. Anayeandika katika kitabu cha kituo mahali, siku, saa, hali ya upepo, kama kitu kilikuwa kibichi au kikavu, na kama ufuko ule ulipitiwa na doria jana yake, huwa ametoa kipimo ambacho chombo kilichoko kilomita 1,336 juu ya bahari hakiwezi kukitoa.